Mjamzito akifika emajensi bila bima wala Kiingereza, sheria inamlinda vipi? (Boise, Idaho)

SafariNjema_Boise aliuliza:

Habari zenu ndugu na jamaa. Tuna kikundi cha kujitolea hapa Boise kinachowasindikiza hospitali akina mama wajawazito wanaosema Kiswahili. Wengi ni wakimbizi waliotoka Fizi, Uvira na Bukavu mashariki mwa Kongo, na wengine walipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Kliniki ya kawaida haitusumbui: mama anapangiwa tarehe, mkalimani anaitwa, mambo yanakwenda. Kinachotutatiza ni dharura ya usiku. Damu inatoka, uchungu umeanza kabla ya wakati, presha imepanda, na mama hana bima, hana Kiingereza, pengine hata karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa.

Tunataka kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao kila mama atauweka kwenye pochi. Naomba wanaoijua kazi hii watueleze. Hospitali inaweza kumrudisha mlangoni? Nani mwenye mamlaka ya kusema uchungu si wa kweli? Wakitaka kumhamishia hospitali nyingine, akubali au akatae? Sheria ya Idaho ya kutoa mimba inamgusa vipi mama ambaye mimba yake inaharibika yenyewe? Na bili ikija? Tafadhali tupeni maelezo ya kutendeka, si "mwone mwanasheria" tu.

WakiliWaMtaa:

Msingi wa yote ni sheria ya shirikisho iitwayo EMTALA (Emergency Medical Treatment and Labor Act). Rais Reagan aliitia saini Aprili 1986, wakati hospitali za binafsi zilipokuwa zikiwasukumia hospitali za umma wagonjwa wasio na pesa, wakiwemo wanawake walioshikwa na uchungu. Jina lake refu lenyewe linataja uchungu wa kuzaa ("Labor"). Kwa hiyo mjamzito hakuingizwa baadaye na mahakama, yumo tangu siku ya kwanza.

Sheria hii inaibana kila hospitali yenye idara ya dharura inayopokea fedha za Medicare, yaani bima ya serikali ya wazee, na hospitali hizo ni karibu zote. Mama mwenyewe si lazima awe na Medicare. Hospitali ikishapokea fedha hizo inawajibika kwa kila anayeingia, awe raia, mkimbizi, mwenye karatasi au asiye nazo. Wajibu wenyewe ni kumpima ili kujua kama ana dharura. Akiwa nayo, kumtibu mpaka hali itulie kwa uwezo wote ilio nao. Na ikizidiwa, kumhamisha kwa utaratibu ambao nitaueleza chini.

Sasa mambo ambayo watu wengi hawayajui.

"Kufika hospitali" si lazima mguu ukanyage ndani. Eneo la hospitali hadi yadi 250 kutoka jengo kuu, kama mita 230 hivi, linahesabika, pamoja na maegesho na njia za miguu. Mama akizidiwa ndani ya gari pale maegeshoni, amekwisha kufika. Leba inayopokea akina mama moja kwa moja bila miadi nayo ni idara ya dharura mbele ya sheria hii, kwa hiyo karani wa leba hawezi kusema "hapa si emajensi, nendeni ule mlango mwingine" na kuishia hapo. Ofisi ya daktari binafsi haimo, hata ikiwa jirani.

Kuhusu bima: wanaruhusiwa kuuliza jina, anwani, hata kadi ya bima, mradi kuuliza kusicheleweshe vipimo. Hawaruhusiwi kudai malipo kwanza, wala kuomba kibali cha kampuni ya bima kabla ya kumpima. Mama akiambiwa "hii itakugharimu maelfu ya dola, una hakika unataka kuendelea?" hilo pia halikubaliki, kwa sababu ni kumfukuza kwa maneno laini.

Na mipaka yake ijulikane. EMTALA haifuti bili. Haihukumu ubora wa tiba. Daktari akikosea kwa uzembe, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Tena mama akishalazwa wodini kwa nia njema, wajibu wa EMTALA unaishia hapo na sheria nyingine ndizo zinazomlinda. Nguvu yake yote iko kati ya mlango na kulazwa. Saa hizo chache ndizo ukurasa wenu unapaswa kuzihudumia.

NesiLeba:

Niongeze upande wa kitandani.

Kuonwa na nesi anayepanga nani atangulie siko kupimwa kunakotakiwa na sheria. Presha, joto, halafu "kaa pale utaitwa", hiyo ni foleni. Upimaji wa kisheria unafanywa na mtu ambaye hospitali imemteua kwa maandishi kwa kazi hiyo. Kwa mjamzito mwenye uchungu, wakaguzi wa serikali wakifungua faili wanatafuta mambo haya: mapigo ya moyo wa mtoto yamefuatiliwa kwa muda, si kusikilizwa mara moja; mikazo inakuja kila baada ya dakika ngapi na inadumu kiasi gani; njia imefunguka sentimita ngapi; mtoto amelalaje na ameshuka kiasi gani; chupa ni nzima, inavuja au imepasuka. Msindikizaji akiyajua haya anaweza kuuliza kwa upole, moja moja, na kila analouliza litaandikwa.

Swali lenu la uchungu wa uongo ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu sheria hapa imeegemea upande wa mama. Mwanamke mwenye mikazo anahesabiwa kuwa kwenye uchungu wa kweli mpaka daktari, mkunga mwenye cheti, au mhudumu mwingine mwenye sifa aliyeruhusiwa na hospitali amwangalie kwa muda wa kutosha na kuthibitisha kwamba si wa kweli. Mzigo ni wao. Mama hahitaji kuthibitisha kitu. Muda huo haukuandikwa kwa saa, lakini desturi ya kazi ni kupima njia, kusubiri saa moja au mbili, kisha kupima tena mkiona kama kuna mabadiliko. Kupimwa mara moja na kupewa karatasi ya kurudi nyumbani baada ya dakika kumi hakulingani na maneno "muda wa kutosha". Hapo muulize: nani amethibitisha, na jina lake liko kwenye faili? Halafu: dalili gani ikitokea nirudi? Mama aondoke na majibu hayo kwenye karatasi.

Kama uchungu ni wa kweli na hakuna muda wa kumhamisha kwa usalama, basi "hali kutulia" kisheria ni mtoto kuzaliwa na kondo la nyuma kutoka. Watu wanasahau nusu ya pili. Kondo likibaki ndani damu inaweza kumwagika kwa dakika chache, ndiyo maana hata waandishi wa sheria waliliweka.

Dalili za kuandika kwenye ukurasa wenu, za kumfanya mama aende bila kusubiri asubuhi:

- pedi kubwa kulowa damu ndani ya saa moja, au damu yoyote pamoja na maumivu makali;
- maji kutoka, hata kidogo kidogo, kabla ya wiki 37;
- kichwa kuuma sana kisichopoa, kuona vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, au presha ya 160 kwa 110 na kupanda (140 kwa 90 apige simu kliniki siku hiyohiyo);
- homa ya nyuzi 38;
- mtoto kupunguza kucheza au kuacha;
- degedege: hapo ni 911, si gari la jirani.

Na tafadhali muandike kwamba presha na kifafa cha mimba vinaweza kuja hata wiki sita baada ya kujifungua. Mama akifika emajensi na kichwa kinauma bila tumbo kubwa, hakuna atakayefikiria uzazi mpaka aseme mwenyewe: "nimejifungua wiki mbili zilizopita." Sentensi hiyo iwe ya kwanza kutoka mdomoni.

Mkalimani208:

Shikamooni wakubwa. Hapo kwenye "sentensi ya kwanza" ndipo penye kazi yetu, na ndipo haki nyingi zinapotelea.

Kwanza haki yenyewe. Hospitali inayopokea fedha za serikali ina wajibu wa kuleta mkalimani aliyefunzwa, bure, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010. Kwa simu au video usiku wa manane inakubalika. Hawawezi kumlazimisha mama alete ndugu wa kumtafsiria. Mtoto mdogo asitafsiri, isipokuwa pale maisha yako hatarini papo hapo na mkalimani hajapatikana, na hata hapo ni mpaka mkalimani apatikane tu. Mume akijitolea, mama ana haki ya kusema hapana. Yapo mambo ya uzazi ambayo mama hayasemi mbele ya mume, mama mkwe au kijana wake, na daktari akiyakosa atapima kitu kingine.

Sasa maneno. Sheria ya EMTALA inategemea kama mama ana *mikazo*. Kiswahili chetu kinasema "nina uchungu". Mkalimani mzembe analitafsiri kuwa maumivu, na faili linaandika maumivu ya tumbo. Maumivu ya tumbo hayana ile kinga aliyoeleza NesiLeba. Uchungu wa kuzaa unayo. Neno moja limemtoa mama kwenye kifungu kimoja na kumtupa kwingine. Afundishwe kusema: "tumbo linakaza na kuachia, kila baada ya dakika tano, tangu saa mbili usiku." Hapo hakuna wa kukosea.

Saa nayo! Saa mbili usiku yetu ni 8:00 yao ya usiku. Mkalimani asipogeuza, uchungu ulioanza saa mbili usiku unaandikwa kuwa umeanza 2:00 yao, na wakidhani ni 2:00 ya mchana, mama aliyefika saa tatu usiku na amekaza kwa saa moja anaonekana amekaza kwa saa saba, au kinyume chake. Kwenye kadi andikeni saa kwa tarakimu za kule, 20:00.

"Chupa imepasuka" imewahi kutafsiriwa kama chupa ya kioo. Mkalimani aliyelelewa pwani anaijua, lakini aliyejifunza Kiswahili darasani, au aliyekulia mahali wanaposema tu "maji yametoka", anaweza kubabaika. Waambieni akina mama waseme "maji ya uzazi yametoka", waongeze rangi: meupe, ya kijani, yenye damu. "Mtoto hachezi" nayo igeuzwe kuwa mtoto hasogei tumboni, maana mchezo wa mtoto kwa Kiingereza ni mpira na vidoli.

Jambo la mwisho kwa sasa: mama wengi wa Fizi na Uvira wameandikwa kwenye faili kuwa wanasema Kiswahili, kumbe Kiswahili chao ni cha sokoni na lugha ya nyumbani ni Kibembe au Kifuliru. Wengine ni Kinyamulenge. Kadi itaje lugha ya kwanza na ya pili, na kama Kiswahili chake ni cha Kongo au cha Tanzania. Wakalimani wa simu wanaweza kuombwa hivyo, na mama akiona hamwelewi mkalimani ana haki ya kuomba mwingine. Asiogope kusema.

SafariNjema_Boise:

Mungu awabariki. Hilo la saa hatukuwa tumelifikiria kabisa, na tumeshawahi kujiuliza kwa nini muda kwenye karatasi haufanani na tulivyoambiwa na mama mwenyewe. Wakili, turudi kwenye kuhamishwa. Tuna akina mama Twin Falls, na wengine vijijini ambako hospitali haina leba.

WakiliWaMtaa:

Hospitali isiyo na leba bado imebanwa. Kaskazini mwa Idaho, hospitali ya Sandpoint ilifunga leba yake mwaka 2023, lakini kufunga leba hakufungi emajensi. Lazima wampime, wafanye wanayoweza, ndipo wahamishe.

Kama hali haijatulia, uhamisho halali unaanza kwa njia mbili tu: mama aombe mwenyewe kwa maandishi, akiwa ameelezwa hatari zake na wajibu wa hospitali kwake, au daktari asaini hati kwamba faida ya kuhama inazidi hatari, na kama yuko kwenye uchungu, hatari kwa mtoto aliye tumboni nayo ipimwe humo. Kisha masharti manne yote yatimie. Hospitali inayopokea iwe imekubali na ina nafasi na wataalamu. Nakala za faili na vipimo ziende naye. Gari na wahudumu wawe wanaofaa kwa hali yake. Na tiba iliyokuwa ndani ya uwezo wao ya kupunguza hatari iwe imekwisha kutolewa. Hospitali kubwa yenye wodi maalumu ya watoto njiti, ikiwa na nafasi, hairuhusiwi kukataa kupokea kwa sababu mama hana bima.

Kwa hiyo jibu la "akubali au akatae" linategemea maswali haya: hospitali gani imekubali, jina la daktari anayenipokea ni nani, nani atakuwa nami ndani ya gari, na mmenipa nini kabla ya safari? Yakijibiwa, mara nyingi kukubali ndiko kwenye usalama. Yasipojibiwa, asisaini chochote kwanza. Na awe macho na fomu: wakati mwingine hospitali ndiyo inayotaka kumhamisha, lakini fomu anayopewa inasema *yeye* ndiye aliyeomba. Mkalimani aisome neno kwa neno. Akisaini hiyo, daktari hahitaji tena kusaini hati yake ya faida na hatari, na mkiilalamikia baadaye hospitali itaonyesha sahihi ya mama.

NesiLeba:

Kwa "mmenipa nini kabla ya safari", mfano. Presha kali ya mimba kwenye hospitali ndogo: magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege ni dawa ya kawaida, dozi ya kuanzia gramu 4 hadi 6 kwa mshipa ndani ya dakika 20 hivi, pamoja na dawa ya kushusha presha. Haihitaji leba. Uchungu wa kabla ya wakati: sindano ya steroidi ya kukomaza mapafu ya mtoto. Damu nyingi: njia mbili za mshipa, kundi la damu limepimwa. Mama kupakiwa kwenye gari la wagonjwa kwa safari ya saa mbili akiwa na presha ya 170 na mkono mtupu, huko siko kutuliza hali.

Onyo jingine: familia zisimtoe mama na kumpeleka zenyewe kwa gari kwa sababu wamechoka kusubiri. Faili litaandikwa "ameondoka mwenyewe kinyume na ushauri", wajibu wa hospitali ya kwanza utakuwa umekatika, na ile ya pili itaanza sifuri bila vipimo. Kama mnaona hamsikilizwi, ombeni nesi msimamizi wa zamu. Kila zamu anaye mmoja, usiku pia.

WakiliWaMtaa:

Sasa sheria ya Idaho. Nitaieleza taratibu kwa sababu hofu nyingi inatokana na kusikia nusu.

Sheria ya jimbo iliyoanza kutumika Agosti 2022 inamfunga daktari anayetoa mimba miaka 2 hadi 5 na kumsimamishia leseni, na akirudia kosa leseni inafutwa kabisa. Ruhusa kwa sababu za kitabibu ni kuzuia kifo cha mama. Afya yake peke yake haikutajwa. EMTALA nayo inamtaka daktari azuie si kifo tu, bali pia madhara makubwa kwa mwili: kupoteza kizazi, figo kufeli. Kati ya hizo mbili kuna ufa, na mama aliyepasuka chupa wiki ya 18 anaangukia humo.

Serikali ya shirikisho iliishtaki Idaho, na Jaji Winmill wa mahakama ya shirikisho hapa Idaho akaizuia sheria hiyo ndani ya emajensi. Januari 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikairuhusu itumike yote. Miezi iliyofuata, hospitali za St. Luke's zilisema ziliwasafirisha kwa ndege nje ya jimbo wajawazito sita, wakati mwaka mzima wa 2023 alikuwa mmoja. Tarehe 27 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa kesi bila kuamua kiini chake na zuio likarudi. Machi 2025 serikali mpya ya shirikisho ikajiondoa kwenye kesi hiyo. St. Luke's walikuwa wamefungua kesi yao wenyewe, na mwezi huohuo jaji yuleyule akamzuia Mwanasheria Mkuu wa Idaho kuwashtaki wahudumu wao kwa tiba ambayo EMTALA inaidai. Amri hiyo ni ya St. Luke's, si ya kila hospitali ya Idaho. Juni 2025 mwongozo wa shirikisho wa 2022 uliosisitiza jambo hili ukaondolewa. Ulioondolewa ni mwongozo; sheria ya 1986 haikuguswa hata herufi.

Kwa mama, chukueni haya:

Mimba iliyotunga nje ya kizazi, mimba zabibu, na kumtoa mtoto aliyekwisha kufa tumboni si kutoa mimba kwa sheria ya Idaho. Bunge la jimbo liliandika hivyo mwaka 2023. Asikubali kuambiwa "sheria haituruhusu" kwa hayo.

Mahakama ya juu ya Idaho ilisema Januari 2023 kwamba kipimo ni uamuzi wa daktari kwa nia njema, na kwamba hahitajiki kuwa na hakika kamili wala kungoja kifo kifike mlangoni.

Mama mwenyewe hashtakiwi chini ya sheria hiyo. Basi aseme ukweli wote: damu ilianza lini, amemeza nini, dawa za kienyeji zikiwemo. Kuficha kunamhatarisha yeye tu.

NesiLeba:

Na kwa huyo wa wiki ya 18 aliyepasuka chupa, mtoto bado ana mapigo. Hatari kubwa ni maambukizi ya kizazi, na yanakwenda kasi. Asubuhi anaongea, jioni hajitambui. Aulize: mpango wenu ni upi, na ni dalili gani itawafanya mbadilishe mpango? Kama mpango ni kungoja, angojee hospitalini, apimwe joto na mapigo kila saa chache, damu irudiwe. Wakisisitiza arudi nyumbani, aondoke na kipimajoto, namba ya simu ya leba, na maandishi ya dalili: nyuzi 38, kutetemeka kwa baridi, moyo kwenda mbio, tumbo kuuma likiguswa, majimaji yenye harufu. Na ana haki ya kuomba kuhamishiwa jimbo jirani. Aombe kwa maandishi kabla hajawa mgonjwa sana kusafiri.

KaraniWaBili:

Bili. Msiitupe barua yoyote.

Mama ambaye hali yake ya uhamiaji inamzuia kupata Medicaid kamili (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) bado anaweza kupata Medicaid ya dharura, na uchungu na kujifungua vimo ndani yake. Haimlipii kliniki ya kila mwezi. Inalipia dharura yenyewe. Ombeni mwezi uleule, msingoje bili ya tatu. Mtoto aliyezaliwa chini ya Medicaid hiyo anaingia Medicaid moja kwa moja kwa mwaka wake wa kwanza bila ombi jipya, lakini mhakikishe hospitali imewasilisha jina lake, maana mara nyingi linakwama hapo.

Hospitali isiyo ya faida lazima iwe na mpango wa msamaha wa bili kwa wenye kipato kidogo. Mgonjwa ana siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kuondoka kuomba, na kwa siku 120 za mwanzo hawaruhusiwi kumpeleka mahakamani wala kuharibu rekodi yake ya mikopo. Fomu inataka hati za mshahara na idadi ya watu nyumbani. Mtoto mchanga ahesabiwe. Madaktari wa usingizi na maabara wakati mwingine wana bili zao tofauti, kwa hiyo muulize msamaha unawafunika akina nani.

Mwenye bima: tangu Januari 2022 emajensi iliyo nje ya mtandao wa bima yake haiwezi kumtoza tofauti kati ya bei yake na kiasi ambacho bima inakubali. Ndege ya wagonjwa imo kwenye kinga hiyo. Gari la wagonjwa la barabarani halimo, na ndilo linalowashtua watu.

SafariNjema_Boise:

Na hospitali ikimrudisha kweli, tunalalamika wapi?

WakiliWaMtaa:

Idara ya Afya na Ustawi ya Idaho ina ofisi ya wakaguzi wa hospitali, nao wanafanya kazi hiyo kwa niaba ya serikali ya shirikisho. Malalamiko yanaweza kutolewa bila jina. Andikeni tarehe, saa ya kufika na ya kuondoka, mlango mlioingilia, nani alisema nini, kama mkalimani aliitwa. Hospitali inatakiwa kuwa na daftari la kila aliyefika kutafuta huduma, hata waliokataliwa. Jina la mama likikosekana humo ilhali mna picha ya risiti ya maegesho, ukaguzi una pa kuanzia. Pia ombeni nakala ya faili mapema.

Adhabu ni faini, ambayo kwa hospitali kubwa inaweza kuzidi dola 100,000 kwa kosa moja, na hospitali inaweza kuondolewa Medicare. Mama aliyeumia anaweza kuishtaki hospitali mwenyewe ndani ya miaka 2. Muhudumu anayetoa taarifa halindwi kwa huruma, analindwa kwa sheria: hospitali haiwezi kumwadhibu. Kama nesi amewanong'oneza jambo, mwambieni hilo.

SafariNjema_Boise:

Tumeanza kuandika kadi. Upande mmoja kwa Kiingereza: jina, tarehe ya kujifungua inayotarajiwa, mimba ya ngapi, upasuaji wa awali, kundi la damu, mzio, lugha ya kwanza na ya pili, simu ya msindikizaji. Upande wa pili kwa Kiswahili: dalili za NesiLeba na maswali ya kuuliza. Tumesahau nini?

NesiLeba:

Kama aliwahi kupata kifafa cha mimba au kutokwa damu nyingi uzazi uliopita. Na dawa anazomeza.

Mkalimani208:

Wasiojua kusoma. Wekeni dalili kwa picha, na mrekodi upande wa Kiswahili kwa sauti ya mama wa Fizi, msambaze kwa WhatsApp. Kibembe pia mkipata mtu. Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye karatasi zake za uhamiaji, si jina la nyumbani, kwa sababu faili likifunguliwa kwa jina tofauti vipimo vya kliniki havitaonekana usiku ule.